Chaneli Niliyomzimia Baba

Mimi nina kichwa kigumu, na sijivunii. Miaka michache iliyopita nilikuwa fundi wa televisheni ya waya pale Kasulu, na baba alikuwa kalala nyumbani, miguu imekataa. Alikuja nchini mkimbizi kutoka Burundi, akikimbia mauaji, akapata uraia, akalima mihogo mpaka mgongo ukapinda. Aliniomba kitu kimoja tu: asikie misa ya Kirundi kabla hajafa.

Kuipata chaneli ya kwao haikunisumbua. Shida ilikuwa transmita, lile boksi linalogeuza mawimbi ya chaneli zote kuwa mwanga na kuusukuma kwenye faiba. Ukiliingizia mawimbi hafifu, picha zinajaa chenga. Ukizidisha, leza inalemewa na chaneli zinavurugika. Kwa hiyo ukiongeza chaneli moja, zote unazishusha kidogo, mita ya kupimia mawimbi mkononi. Mita yenyewe ilikuwa Kibondo na fundi mwenzangu. Bosi akasema, "Subiri irudi." Nikamjibu mbele ya wateja, "Bosi, mimi napima kwa macho!" Wapi! Sikushusha hata moja. Ile ya baba ndiyo nikaipandisha, maana nyumba yetu ilikuwa mwisho kabisa wa laini.

Jumapili nikaiwasha. Yake ilionekana safi. Mama aliniambia baba aliimba huku machozi yanamtoka. Nyingine zote zikawa viraka viraka mji mzima, na simu za matusi zikamiminika ofisini. Bosi akaniuliza kulikoni. Ningesema nimekosea, yangeisha. Nikasema, "Chaneli ya Burundi ndiyo mbovu, inatoka kwao hivyo hivyo."

"Itoe!"

Nikaitoa, misa haijafika hata nusu.

Jioni baba akaniuliza, "Mwana wanje, mwanangu, mbona wamekata? Kwetu kuna nini?"

Kwa aibu nikajibu kwa mkato, "Kuna matatizo huko, baba."

Akasema, "Yameanza tena."

Nilitaka kumwambia hapana, ni mimi. Mdomo ukagoma, Mungu anisamehe. Mama akamwambia mbona redio haijasema chochote. "Hata mara ile redio haikusema," akajibu. Jirani aliyetoka Manyovu akaapa kwamba malori yanavuka mpaka kama kawaida. Baba akasema mgonjwa siku zote hufichwa habari mbaya. Akamfungisha mama unga na mablanketi. Usiku alikuwa akimwita mdogo wake, aliyebaki ng'ambo ya mpaka, amwambie atoke nyumbani.

Mita ilirudi Alhamisi. Nikashusha chaneli moja moja mpaka picha zikatulia, kisha nikairudisha ya Burundi. Kazi ya nusu saa tu, jamani. Nikakimbia nyumbani kumwambia kwao ni salama, na kwamba nilimdanganya.

Nilimkuta mama mlangoni, kanga mdomoni. Baba alikuwa amekata roho asubuhi ile. Nikaingia, nikafunua shuka. Alikuwa amevaa viatu. Mama akasema alimwomba amvalishe, ili tukianza kukimbia asitucheleweshe.