Mama mkwe alitaka nifute picha za bundi, nikampeleka akamwone

Wakuu, salaam kutoka Eagan, huku Minnesota. Hii siyo chai. Mashahidi ni mke wangu na mama yake, na mmoja wao yuko jikoni sasa hivi anasonga ugali.

Hobby yangu ni kupiga picha. Spring ikianza tu, mimi na lens yangu ndefu tunahamia porini.

Vijiua vyeupe vinavyochomoza kwenye majani makavu, nyuki wa kwanza wanaoyumba kwa baridi, ndege wanaorudi kutoka kusini. Na tusidanganyane, kazi naijua. Nyuki wangu ukim-zoom unaona chavua miguuni.

Spring hii ya 2018 mke wangu alikuwa ndiyo kwanza amejifungua mtoto wetu wa kwanza, Zaina. Mama mkwe akaja kutoka Tanga kulea mzazi.

Jioni moja nikajitia kumwonyesha picha kwenye TV. Maua, "Mashallah." Nyuki, "Mashallah."

Ikaja ya bundi, macho ya njano, kajaa kioo kizima.

Mama akasimama. "Baba Zaina! Bundi kwenye nyumba yenye mzazi?"

Nikamwambia ni picha tu. Wakuu, hilo jibu msije mkalitumia.

Akatoa msimamo wake: nifute zote, au anamchukua mzazi na mtoto wakamalizie arobaini kwa mdogo wake anayeishi Plymouth, mji wa jirani. Nitafakari mpaka tukitoka kliniki kesho yake.

Mke wangu akanyamaza. Waliooa wanaujua ule ukimya, maana yake mabegi yameshaanza kupangwa.

Kuna mtu ataniambia si ungefuta tu. Ndugu yangu, yule bundi nimemtafuta kwenye theluji hadi vidole vikafa ganzi. Ni picha bora niliyowahi kupiga. Lakini kulala kwenye nyumba isiyo na mwanangu nako nilikuwa siwezi. Roho iliniuma kweli.

Kesho yake theluji ikadondoka tena. Aprili ya huku haina aibu.

Tukatoka kliniki, nikakata kona kuingia park bila kuomba ruhusa.

"Baba Zaina, please, usimuudhi mama," mke wangu akasema.

Nika-park gari likiangalia mti wa yule bundi, heater inawaka, mtoto kalala. Nikashusha kioo cha upande wa mama, nikaegemeza kamera pale dirishani.

"Mama, naomba uangalie mara moja tu. Ukisema nifute, nafuta hapa hapa."

Aligoma kwanza. Kisha akajifunga mtandio vizuri, akainama.

Bundi alikuwa kwenye kiota, theluji imemjaa mgongoni, hatikisiki. Chini ya bawa kikachungulia kichwa kidogo cheupe. Kisha kingine.

Mama akatazama muda mrefu.

"Ana watoto?"

"Ndiyo, mama."

"Na baridi yote hii?"

"Hawezi kuondoka. Akiondoka watakufa."

Akarudisha jicho kwenye kamera. "Mume wake yuko wapi?"

"Anawinda. Ndiye anayemletea chakula mpaka watoto wapate nguvu."

Akaiachia kamera, akanigeukia. "Unamwona mwenzio? Mke kajifungua, yeye anahangaika na chakula. Hashindi porini anapiga picha."

Mke wangu alicheka mpaka Zaina akaamka.

"Kwa hiyo nifute, mama?"

"Ufute nini? Pandisha kioo, mtoto anapigwa na baridi."

Plymouth hakuenda mtu. Mimi nilienda sokoni, na tangu siku hiyo naenda bila kutumwa.

Nilichojifunza: mtu mzima akiogopa kitu, usibishane naye. Mpe nafasi akione kwa macho yake, halafu wewe ufunge mdomo. Sehemu ngumu ni hiyo ya mdomo.

Wapiga picha wa humu, na nyie mlioishi na mkwe nyumba moja, leteni yenu. Hata kuniponda ruksa.

Jana alikuja mgeni kumtazama mtoto. Nilikuwa jikoni naosha vyombo, nikamsikia mama akimwonyesha picha kwenye TV. Neno bundi hakulitaja kabisa. Alisema, "Na huyu naye ni mzazi."