Sista Mere hajui kwa nini alicheka

Saa tatu asubuhi, Merewalesi Vuniyaro amesimama mbele ya kabati la dawa katika zahanati ya Nasaravu, kaskazini mwa Fiji. Barazani, watu ishirini na saba wanamsubiri.

"Nimefuata nini hapa?" anajiuliza kwa sauti.

"Dawa ya minyoo, Sista, ya huyu wangu," anajibu mama mmoja aliyempakata mtoto mlangoni. "Ukichelewa nakuja kujichukulia mwenyewe."

Watu wanacheka. Merewalesi naye anatabasamu, kisha anakaza uso ghafla. Tangu mwezi Machi, anaogopa kucheka mbele ya wagonjwa.

Ana umri wa miaka arobaini na mitatu, na kumi na tisa kati ya hiyo ameitumia katika uuguzi. Zahanati hii inahudumia vijiji tisa. Mwaka juzi ilikuwa na wauguzi watatu. Wawili wakaenda Australia kutunza wazee kwenye makao yao huko. Akabaki peke yake miezi kumi na minne, bila likizo, siku nyingine akiona wagonjwa sabini.

"Hata sikujua kama nimechoka," anasema. "Najua mtu aliyechoka analala. Mimi nilikuwa silali, nikaona basi, sijachoka."

Mumewe, Isikeli, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, aliona mambo yasiyoeleweka. Mkewe alimsalimia mara mbili ndani ya dakika tano. Alipika mihogo, akaimwaga, akauliza nani kaila.

"Nikamwambia, 'Mama Vani, pumzika.' Akaniambia, 'Nimepumzika.' Na alikuwa amesimama na ndoo mkononi," anakumbuka Isikeli.

Merewalesi mwenyewe anasema kilichomtisha zaidi ni kutosikia chochote moyoni. "Mtoto akizaliwa, naandika. Mtu akifa, naandika. Nikitoka hapo naenda kula."

Alhamisi moja, kwenye saa nne asubuhi, lori lilimleta Apenisa, mkulima wa magimbi aliyeanguka shambani akishika kifua. Merewalesi alimkandamiza kifua kwa dakika arobaini, bila wa kumpokea. Apenisa hakurudi.

Akatoka barazani. Mke wa marehemu, Bibi Losana, alikuwa amesimama na mwanawe mkubwa, Sakiusa.

"Nilifungua kinywa niwape pole," anasema, akitazama viganja vyake. "Kikatoka kicheko. Nikajiziba kwa mkono, hakikuzibika. Nilicheka mpaka nikashika nguzo."

Alipotulia, aliingia ndani akamsafisha mtoto kidonda. Mpaka leo hakumbuki alikuwa mtoto wa nani.

Jioni ile, vijiji vyote tisa vilikuwa na habari. Wengine walisema ana dharau, wengine kwamba amerogwa. Wagonjwa walipungua. Mzee mmoja alivuka mto kwenda zahanati ya mbali kuliko kuguswa naye.

Siku nne baada ya mazishi, Merewalesi na mumewe walikwenda nyumbani kwa wafiwa na jino la nyangumi, kama desturi inavyotaka, kuomba radhi. Walikaa mkekani, vichwa chini. Sakiusa akawatazama.

"Shemeji Isikeli," akasema, "huyu mkeo si mtu wa kisiwa cha Kadavu? Si watani wetu hawa? Tangu lini mtani akaomba radhi? Watu wa Kadavu hata nyumba yao ikiungua wanacheka, tena wamo ndani!"

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Mambo yangekwisha hapo. Alikuwa ameshafunguliwa mlango. Kilichobaki ni kupita.

"Sijui kilichonishika," anasema Merewalesi. "Nikasikia sauti yangu inasema, 'Haukuwa utani.'"

Isikeli alimfinya mkono. Bibi Losana akamgeukia.

"Kama haukuwa utani, ulikuwa nini?"

"Sijui, Bibi."

"Hujui! Umenichekea mume wangu kafa, na hujui?"

"Sijui, Bibi. Naapa sijui."

Bibi Losana alivuta pumzi. "Mimi nikija kwako nikasema sijui kinachoniuma, unanifukuza?"

"Hapana. Nakulaza kitandani."

"Basi na wewe kalale. Hilo jino Sakiusa atalipokea, lakini mimi sijakusamehe. Siwezi kumsamehe mgonjwa. Pona kwanza, halafu tutagombana vizuri."

Kesho yake Sakiusa mwenyewe ndiye aliyempeleka hospitali ya mjini kwa lori lilelile. Daktari alimsikiliza kwa saa nzima, akamwambia kwamba watu wanaohudumia wengine kwa muda mrefu bila kupumzika huweza kufika hapo, na kwamba kicheko chake hakikuwa furaha wala dharau. Akampa wiki sita za mapumziko.

"Wiki ya kwanza nililala tu. Ya pili nikamkasirikia kila mtu, hata kuku," anasema. "Daktari akaniambia hiyo ni dalili nzuri. Sikumwelewa. Nilikwenda kutibiwa kicheko, nikarudi na hasira."

Amerudi kazini mwezi uliopita. Muuguzi kutoka wilaya jirani humpokea Jumanne na Ijumaa, na siku hizo mbili Merewalesi hulima. Dada yake aliye Australia amemtumia fomu za kazi. Amezijaza nusu. Akiulizwa kama atakwenda, anasema ndiyo. Baada ya kumhudumia mgonjwa mwingine, anasema hapana.

Jumamosi hii Apenisa anatimiza usiku wa mia tangu afariki, na familia itamaliza matanga kwa karamu. Bibi Losana ametuma ujumbe: Sista aje mapema, amenye magimbi pamoja na wanawake wa nyumba.

Je, amesamehewa?

"Hakusema. Kumenya magimbi ni kusamehewa, au ni adhabu? Magimbi yenyewe ni magunia sita," anasema, na kwa mara ya kwanza mazungumzo yetu yanamtoa kicheko kidogo. Anajishika mdomo, anasikiliza kwanza, kama anayepima mapigo ya mtu.

Tumaini lake, anasema, ni kulia. Hajalia bado, si kwa Apenisa wala kwa yeyote kati ya waliomfia mikononi miaka yote hii.

"Nataka nikae karibu na Bibi, nilie kama watu. Ila Sakiusa naye kasema atakaa pembeni yangu, na yule ana maneno ya kuchekesha." Anatikisa kichwa. "Nitakwenda tu. Kitakachotoka, watakiona pamoja nami."