Nilisema EXP ni Ekspoti

Nimekosa, ndugu zangu, tena nimekosa nikiwa na akili zangu timamu. Msinitafutie shetani wa kumsingizia. Naomba tu jina langu lisiandikwe, maana kata nzima ya Ndama wananijua.

Mimi ni mtu wa Muleba. Nilikuja Karagwe kufungua duka miaka ile sabuni na sukari vilipoanza kuonekana tena madukani. Na nilikuja na Kiingereza changu! Sekondari niliishia kidato cha pili, lakini pale dukani nilikuwa profesa. Mtu akileta barua ya Kiingereza, namsomea. Nisipoelewa, natunga.

Siku moja mchuuzi akaniletea kutoka mpakani boksi la maziwa ya unga ya watoto, yale ya kopo. Chini ya kila kopo wamegonga EXP, halafu tarehe. Wateja wakauliza maana yake. Nikawaambia, bila hata kukohoa, kwamba EXP ni ekspoti, yaani bidhaa safi iliyotengenezwa kwa ajili ya nchi za nje, na hiyo tarehe ndiyo siku ilipopakiwa melini. Loo, walivyotikisa vichwa kwa heshima! Ikafika mahali mtu anageuza hata kopo la mafuta, asipoona EXP anasema hilo la kienyeji, halitaki.

Wiki ya pili akaja mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Akanivuta pembeni kwa adabu kabisa, akaniambia EXP ni mwisho wa matumizi, na tarehe ile ilishapita zaidi ya mwaka. Nikamshukuru sana. Alipoondoka, yalikuwa yamebaki makopo matano.

Kilichonizuia kuyatupa si hasara, jamani, ni aibu. Ningewaambia nini watu? Kwamba profesa kashindwa herufi tatu? Nikayaacha palepale kwenye rafu.

Keshokutwa yake akaja Bibi Konsolata wa Kiruruma. Alitoka Rwanda akiwa msichana, akazeekea kwenye vibarua vya kupalilia migomba ya watu. Binti yake alifariki siku chache baada ya kujifungua, akamwachia kichanga. Maziwa walikuwa wanapewa na jirani, sasa ng'ombe wa jirani akawa amekauka. Hebu fikirini, Karagwe hii ya ng'ombe, bibi wa watu anakuja kutafuta maziwa kwangu!

Nikamfungulia kopo. Akanusa, akarudisha kichwa nyuma, akasema yananuka kama samli iliyochacha.

"Bibi, hiyo ndiyo harufu ya Ulaya," nikamwambia. "Wewe umezoea ya zizini."

Waliokuwepo wakacheka. Na yeye akacheka, kisha akaniomba radhi kwa ushamba wake. Yeye ndiye akaomba radhi!

Siku ya nne mtoto yuko hospitali, anaharisha, anatapika, macho yameingia ndani. Nesi aliposoma lile kopo, akamuuliza bibi nani kamuuzia. Kila anayetoka hospitali namuulizia kwa kuzungukazunguka, kama mtu anayeulizia bei ya kahawa, ili nijue tu kama mtoto bado anapumua.

Akapona. Mungu ni mwema kuliko mimi. Bibi akaja dukani na kopo mkononi, nyuma yake watu kama kumi, wengine wameshika fimbo. Na yule mwalimu yumo.

"Mwanangu, ulijua?"

Nikaziangalia zile fimbo. "Hapana, bibi. Mimi sikusoma. Kiingereza sikijui."

Mnaniona? Nilikuwa tayari kichanga kinywe uozo ili nisiitwe mjinga, na siku hiyo ujinga nikauomba mwenyewe, kwa machozi, mbele ya wateja wangu wote!

Bibi akawageukia wale watu. "Mwacheni. Hakujua, kama mimi tu."

Wakaniacha. Mwalimu akageuka, akaondoka na siri yangu. Tangu siku hiyo hajanunua kwangu hata kiberiti, na tukikutana njiani mimi ndiye ninayehama upande.

Mwaka huu bibi amepita dukani na mjukuu wake, anampeleka kuandikishwa darasa la kwanza. Mtoto akaniamkia, shikamoo. Bibi akamwambia asome kwa bidii, asije akaumiza watu kwa kutojua kama ilivyompata mzee huyu. Nikaitikia marahaba, nikajifanya natafuta kitu chini ya meza.

Wenye maduka wenzangu, mkiambiwa tarehe imepita, tupeni siku hiyohiyo, watu wawacheke yaishe. Kicheko hakijamlaza mtu hospitali. Mimi bibi amenisamehe kosa ambalo sikulifanya. Lile nililolifanya nimewaambia ninyi, kwa kuwa najua yeye hasomi magazeti.