Kupima Watoto wa Usangu

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Ipogolo, Iringa, Mtafiti Mkuu alitusimamisha mmoja mmoja mbele ya wenzetu tumfunge utepe mtoto wa mpishi. Utepe ule hupima unene wa mkono juu ya kiwiko: kijani ni salama, njano ni tahadhari, nyekundu ni utapiamlo mkali. Niliufunga, nikaufungua, nikaufunga tena. Mtafiti Mkuu, mama mmoja daktari wa watoto, akaniambia, "Woga si mbaya, binti. Kibaya ni kuizoea nyekundu."

Tulikuwa wadadisi, watu wa kwenda nyumba kwa nyumba kuuliza na kupima, ili ijulikane kwa nini mtoto wa hapa hukua na wa pale hudumaa. Nilianzia Kalenga, ambako nilisalimia kwa Kihehe nikakaribishwa ugali. Baadaye nikahamishiwa Mbeya, kwenye kikosi cha Usangu, kwa wafugaji waliohamia kutoka kaskazini. Kule Kihehe changu hakikunisaidia kitu.

Kaya zilichaguliwa kwa bahati nasibu, tusije tukapima za kando ya barabara tu. Moja ikaangukia ng'ambo ya mbuga, na mvua zilikuwa zimeanza. Tulimkuta Minza, mama kijana, pamoja na mama mkwe wake, Bibi Nkamba. Mume alikuwa machungani, mbali. Minza akaridhia binti yake Limi apimwe. Utepe ukasimama kwenye nyekundu. Miguu ilikuwa imevimba, na nilipoibonyeza mtoto hakulia.

"Huyu anatakiwa afike hospitali leo," nikasema.

Bibi Nkamba hakujua Kiswahili. Alizungumza kwa lugha yao, kwa muda mrefu, akinikazia macho. Minza akatafsiri huku ameinama: "Anasema, mjukuu wake mwingine, mtoto wa shemeji yangu, tulimpeleka hospitali. Wakatuuliza mbona tunanuka ng'ombe. Tukaambiwa tusubiri. Akafia palepale kwenye benchi."

Nikatoka kumwomba gari Msimamizi wa Kikosi, Mnyakyusa mmoja mkimya aliyekaribia kustaafu.

"Kazi yetu ni kupima na kuandika rufaa ya kwenda hospitali," alisema. "Akifia kwenye gari letu, hakuna nyumba itakayotufungulia tena."

"Naelewa, bosi. Na akifia hapa?"

Aliyatazama mawingu. "Bibi naye apande. Ajionee mwenyewe, asije akahadithiwa."

Bibi Nkamba akajitanda khanga na kupanda pamoja na Minza na mtoto. Njiani gari lilinasa kwenye tope, likatoka, likanasa tena. Kila liliposimama niliweka kiganja kifuani pa Limi nisikilize pumzi. Bibi hakumtazama mtoto. Alinitazama mimi.

Kwenye kituo cha afya, muuguzi aliinua macho tu. "Kadi ya kliniki iko wapi? Hawa watu kila siku ni hivihivi."

Minza tayari alikuwa amegeuka kuondoka. Msimamizi akasema kwa upole, "Sista, tumetoka naye mbali. Mpokee kwanza."

Muuguzi akampokea. Alipoiona ile miguu sauti yake ilibadilika, akaagiza maziwa ya tiba, yale ya kumrudishia mtoto nguvu kidogo kidogo.

Limi alipona. Niliporudi kwao nilimkuta anafukuza mwanambuzi. Bibi Nkamba alinishika mkono, akanigeuza nitazame kaya za majirani.

"Anauliza, wale mbona hamkuwapima?" Minza akasema.

"Hawakuchaguliwa, Bibi."

Minza akatafsiri. Bibi akaendelea kungoja, kana kwamba sijamaliza kusema.

Sasa nimestaafu, naishi Iringa. Vijana wanaoanza kazi hii hunijia kuuliza namna ya kuomba ridhaa, au ya kuzungumza na binti bila baba yake kusikia, nami nawaeleza ninachojua. Matokeo yetu hayakupotea bure: kliniki ya mkoba, ile ya wauguzi wanaowafuata watoto kwa gari, ilianza kufika ng'ambo ile. Lakini masika yanapoingia hukaa karibu na redio nikisikiliza habari za Usangu, na moyo hautulii. Kiangazi gari la kliniki hupita. Masika, tope la njia ile nalijua.