Asili Yetu Ilivyoandikwa Karema

Shangazi yangu alikuwa na neno moja alilotumia kama fimbo: "Sisi ni watu wa mtemi." Ukivunja chungu, wajukuu wa mtemi hawavunji vyungu. Ukicheka kwa sauti, vivyo hivyo. Bibi yake, ndiye aliyemlea, alikuwa binti wa mtemi, na habari iliishia hapo. Ukiuliza mtemi gani, unakatwa jicho.

Miaka ile ya tisini baba yangu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo neno la mwisho juu ya ndoa yangu lilikuwa la shangazi, dada yake mkubwa. Nami nilikuwa nimempenda kijana wa Kisukuma. Wazazi wake walihamia na ng'ombe wao kutoka kaskazini, wakajenga pembeni mwa Misunkumilo, jirani na kwetu. Shangazi alipopata habari alikaa chini, pu!

"Yesu na Maria! Watu wa kutembea na ng'ombe, leo wako huku, kesho hujui waliko! Mwacha asili ni mtumwa, mwanangu."

"Asili gani, shangazi? Hii ya kusimuliwa tu?" Mimi nina mdomo, sikatai.

"Ya kusimuliwa? Ala! Twende Karema. Bibi alibatizwa misheni pale, na mapadre huandika kila kitu. Ukimwona mtemi kitabuni, huyo mchumba wako utamsahau."

"Na nisipomwona?"

"Thubutu! Usipomwona, olewa."

Tukapanda lori la mizigo, juu ya magunia, shangazi kavaa kitenge kipya cha kwendea kwa mtemi. Padre tuliyemkuta alikuwa mzee mpole. Alifunua kitabu kikubwa cha ubatizo kilichoandikwa kwa lugha ya wageni, akamtafuta bibi kwa jina lake la ubatizo na la mume wake lililoongezwa pembeni. Alipompata, akatusomea kwa Kiswahili, polepole.

"Msichana. Umri, miaka sita hivi, kwa kukisia kutokana na meno. Amekombolewa kutoka msafara wa watumwa. Baba, hajulikani. Mama, hajulikani."

"Soma tena, Padre," shangazi alisema. Akasoma tena.

Ile methali yake ilinifika kwenye ulimi, imeiva kabisa. Nilikuwa nimeshinda. Nikamgeukia nimrushie, nikamkuta amekivuta kitabu kwake, anafuatisha kwa kidole mstari ule asioweza kuusoma. Nikaimeza. Nilimhurumia mpaka nikakasirika, na sijui nilimkasirikia nani.

Njiani kurudi alisema jambo moja tu. "Tulipokuwa watoto tulimuuliza sana kwao ni wapi. Alijibu, kwetu mbali. Nafikiri huyo mtemi tulimpachika wenyewe, na bibi akatuacha tufurahi."

Ya harusi hakuyagusa. Siku zikapita nami naogopa kuuliza, maana ahadi ya kwenye hasira si ahadi, na mwenye uchungu hadaiwi. Halafu wazazi wa kijana wakaja nyumbani kwetu Kawajense kuposa. Baba zangu wadogo walianza maneno yao marefu, shangazi akawanyamazisha kwa mkono. Akamtazama mama wa kijana.

"Dada, mama yako yu hai?"

"Yu hai, yuko kulekule Usukuma."

"Anajua mliko?"

Mama yule alishangaa kidogo. Alikuwa amejiandaa kuulizwa ng'ombe. "Anajua. Tulipofika tu tulimpelekea habari. Mwaka juzi akapanda treni akaja mwenyewe, mzee vile. Alisema anataka kuona tunapolala."

Shangazi akalia. Alilia mbele ya wageni, bila kujifunika uso, na hakuna aliyejua afanye nini. Mimi niliyejua kuwa anamlilia bibi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, nimeinama kama bibi harusi mtarajiwa anavyotakiwa, machozi yananidondokea mapajani.

"Mchukueni," alisema mwishowe. "Ila nyie, popote mtakapohamia na ng'ombe wenu, mniletee habari. Nijue mtoto wangu yuko wapi."