Kuku wa Mama Mukwe

Nawaambia ninyi tu, maana wanafunzi wangu wakisikia nimekwisha. Mimi hufundisha saikolojia Butembo, na somo ninalojivunia ni jinsi jicho linavyoona mengi huku ubongo ukishika machache.

Jumapili iliyopita nilikwenda Beni kumsalimia mama mukwe, kuku mkononi. Nilikuwa nimekutana naye mara moja tu, siku ya kujitambulisha, tena macho chini kwa heshima. Kwa hiyo mchumba wangu Kavira akanieleza kwa simu: "Mama amevaa kikwembe ya bleu, ya ndege. Utamukuta ku parokia."

Nilifika misa haijaisha. Nje alisimama mama mmoja akibembeleza mjukuu. Kitenge cha buluu, chenye ndege. Nikainama, nikamkabidhi kuku.

"Aksanti, mutoto yangu," akasema. "Unatumikaka kazi gani?"

Hapo nikafunguka. "Mama, ninachunguza kichwa ya mutu. Ukimuambia atafute rangi moja, ataona ile rangi tu. Hata uso ikuwe mbele yake, hataiona!"

"Kumbe njo vile?" akacheka, akimbana kuku kwapani.

Kengele ikalia. Wakatoka akina mama wa chama cha parokia, kundi zima, wote bleu, wote ndege. Mmoja akasimama, akamtazama yule kuku kwapani, kisha mimi.

"Mukwe," akasema taratibu, "mimi njo mama ya Kavira. Leo nakupatia ruhusa. Inua macho, angalia uso."