Dhahabu ya Mkwe Wangu

Mke wa mwanangu alinishitaki katika mahkama ya Ibra, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, kwamba nilimsumbua mpaka nikamnyang'anya bangili zake za mahari. Mimi, mama mkwe wake, mjane mwenye mtoto mmoja. Niliona ni utovu wa adabu uliopita kiasi, na wakili nikamkataa. Kinywa nilikuwa nacho.

Kwetu, sisi tuliorudi Uarabuni kutoka bara ya Afrika, dhahabu ya bibi harusi ilikaa sandukuni kwa mama mkwe. Ikitokea harusi kwa jamaa inatolewa, anapambwa bibi harusi mwengine, inarudi. Yangu ilikaa kwa mama mkwe wangu Kigoma miaka tisa, na sikumpeleka mtu kwa kadhi. Huyu wangu alikuwa binti wa wafanyabiashara wa Sur, na kwao dhahabu ya mahari haigusi mtu ila mwenyewe. Nilijua. Nilidhani akiingia nyumbani kwangu atafuata ya kwangu.

Baba yake alishatamka: ikithibiti kwamba nilimlazimisha, binti yake na mtoto hawarudi katika nyumba ninayolala mimi. Basi mwanangu angewafuata, nami nibaki na kuta. Hilo ndilo lililonikondesha. Bangili ningezirudisha siku ile ile, lakini kuzirudisha ni kukiri.

Mwanangu alisimama upande wangu. Miezi minane, mkewe akiwa kwao Sur, alimwambia kwenye simu kwamba ni mwongo, nami nilikuwa chumba cha pili nikisikia, na nikifurahi.

Siku ya kesi nilisema mpaka koo likakauka, kwa Kiarabu changu cha kuungaunga. Nilitaja mila, nilitaja heshima, nilitaja uji niliompikia alipojifungua. Kadhi, mtu mpole, alinisikiliza. Kisha akamuuliza mkwe wangu kama ana shahidi. Hakuwa naye, maana siku ya kuzivua bangili tulikuwa wawili tu. Nikashusha pumzi. Ndipo kadhi akanigeukia mimi, kwa sababu mdai akikosa shahidi, anayekanusha hutakiwa kula yamini.

"Ya hajja," akasema, "sema wallahi alikupa kwa ridhaa yake. Ukishasema, kesi imekwisha."

Mwanangu, benchi la nyuma, akanitikisia kichwa kwamba sema, tuondoke.

Nikafungua kinywa, na kilichonijia ni mkono wa yule binti. Alikuwa na mimba ya miezi saba, mikono imevimba, bangili zimembana. Nilikuwa nimemwomba Ijumaa tatu mfululizo, mbili kati ya hizo mbele ya wageni ili aone haya kukataa. Ya tatu nilimwingiza bafuni, nikampaka sabuni mkononi, nikavuta. Nilikuwa nikicheka. Yeye alitazama ukuta.

"Mama, yauma," aliniambia.

"Vumilia, sote tumevuliwa," nikamjibu, na ngozi ikachubuka.

Sikuwa nimesahau. Nilikuwa nikijiambia kwamba ule ulikuwa utani wa mtu na mkwewe.

Nilitaka kuapa. Naona haya kuliandika hili, lakini nilitaka sana. Nilimwogopa Mungu, na nyumba tupu niliiogopa zaidi, na bado ulimi ulikataa. Nikamtazama mkwe wangu, niliyemshinda kwa maneno miaka mitatu, kana kwamba yeye ndiye angeniokoa. Alikuwa ameuvuta mtandio usoni.

"Siwezi," nikasema.

Kadhi akaniuliza mara ya pili na ya tatu, kwa upole ule ule, kisha akamwamuru karani aandike kwamba nimekataa yamini, na kwa hiyo dai limethibiti.

Ndani ya gari, tulipokaribia kwetu, mwanangu akaniuliza.

"Mama, ulimvuaje?"

Nikamwambia yote, na sabuni, na kicheko.

"Nami nikimwita mwongo," akasema.

Alinishusha mlangoni bila kuzima gari. Nikamuuliza nimpikie nini. Akasema anakwenda Sur kumwomba mkewe radhi, na nisimngojee.